Paka Asipokula: Ini, Hofu na Safari ya Kwenda kwa Daktari

Paka mnene aliyeacha kula kwa siku tatu yuko hatarini kuliko paka mwembamba aliyekaa na njaa kwa muda huohuo. Wengi hudhani kinyume chake: mnene ana akiba mwilini, aachwe tu, njaa itamrudisha kwenye bakuli. Kwa mbwa dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli. Kwa paka inaua.

Mwili wa paka usipopata chakula huanza kuyeyusha mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni, ukayapeleka kwenye ini ili yachomwe yawe nguvu, au yafungashwe upya na yarudishwe kwenye damu. Ini la paka halikuumbwa kwa kazi hiyo kwa wingi. Mafuta huingia kwa kasi kuliko yanavyotoka, seli zikajaa na kuvimba, vijia vya nyongo vikabanwa, na nyongo iliyokosa pa kupita ikarudi kwenye damu. Hapo ndipo weupe wa macho unapogeuka manjano. Ugonjwa huu wa ini kujaa mafuta ulianza kuelezwa katika majarida ya madaktari wa wanyama miaka ya 1970, na leo ndio ugonjwa wa ini unaoonekana zaidi kwa paka wa Amerika Kaskazini, ambako paka wanene wanaoshinda ndani ni wengi. Siku chache za kutokula zinatosha kuuwasha.

Kinachomfanya paka aache kula mara nyingi ni ugonjwa mwingine uliojificha: kongosho lililovimba, kisukari, uvimbe wa utumbo, saratani. Lakini wakati mwingine ni jambo ambalo mwenye nyumba hakulihesabu kabisa: kuhama, mgeni aliyekuja na mtoto mdogo, chakula kilichobadilishwa ghafla, paka kufungiwa stoo wikiendi nzima bila mtu kujua. Paka ni mnyama wa mazoea, na mazoea yakivunjika, tumbo lake ndilo la kwanza kugoma.

Ndiyo sababu suala la ini la paka haliwezi kutenganishwa na suala la hofu. Mgonjwa wa ini lazima aonwe na daktari. Safari na kliniki humtia hofu. Paka mwenye hofu hali, na paka asiyekula ini lake huzidi kuharibika. Tiba na ugonjwa vinapita mlango mmoja. Anayeihesabu hofu ya paka kuwa udekezaji, jambo la kushughulikiwa baada ya dawa kuandikwa, anaacha nje nusu ya ugonjwa wenyewe.

Kwanza, ini hilo lina nini hata liwe dhaifu hivyo? Paka ni mla nyama asiye na hiari. Binadamu akipungukiwa na protini, mwili wake hupunguza kasi ya kuivunja na kubana matumizi. Mwili wa paka hauna breki hiyo. Huendelea kuvunja protini kwa kasi ileile, iwe ameshiba au ana njaa. Protini inapovunjwa hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, na ini huigeuza kuwa yurea itoke na mkojo. Kazi hiyo inahitaji arginini, kijenzi cha protini ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha na ambacho nyama inacho kwa wingi. Mwaka 1978 watafiti James Morris na Quinton Rogers wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walieleza walichokiona baada ya kuwapa paka chakula kisicho na arginini. Ulikuwa mlo mmoja tu. Ndani ya saa chache amonia ilipanda kwenye damu na paka wakaonyesha dalili za sumu.

Katika Davis hiyohiyo, mwaka 1994, Vincent Biourge na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi mwingine juu ya paka wanene waliokuwa wakipungua uzito kwa kasi. Waliwagawia viwango vidogo vya protini, mafuta au wanga, kisha wakaangalia ini la nani linajaa mafuta zaidi. Protini ndiyo iliyolilinda ini vizuri zaidi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja jikoni. Desturi yetu ya kumtengenezea mgonjwa uji mwepesi ni desturi ya huruma na humfaa binadamu, lakini paka mwenye ini bovu akipewa uji na maziwa anapewa kile ambacho ini lake halikihitaji, na kunyimwa kile linachokililia. Hata ushauri wa zamani kwamba mgonjwa wa ini apunguziwe protini haumhusu paka, isipokuwa yule ambaye amonia imeshafika kwenye ubongo wake: anayetoa udenda, anayezunguka bila mwelekeo, anayegandamiza kichwa ukutani. Huyo hupewa laktulosi, dawa ileile wanayopewa watu kwa tatizo kama hilo, na protini hupimwa kwa uangalifu mpaka atulie. Wengine wote wanahitaji nyama.

Mafuta hayako peke yake kwenye orodha ya maadui wa ini la paka. Mirija ya nyongo inaweza kuvimba kwa sababu ya bakteria waliopanda kutoka kwenye utumbo, au kwa sababu kinga ya mwili imeigeukia. Kwa paka walio wengi mrija wa nyongo na ule wa kongosho huungana kabla ya kuingia kwenye utumbo, kwa hiyo ugonjwa wa kiungo kimoja huvuka kwa jirani bila shida. Daktari anayekuta ini, kongosho na utumbo vyote vimevimba kwa paka mmoja hashangai. Kwa paka mzee, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inaweza kupandisha vipimo vya ini ilhali ini lenyewe halina kosa. Wapo pia wanaozaliwa na mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini badala ya ndani yake. Hao hudumaa, hutoa udenda, na mara nyingi macho yao huwa na rangi ya shaba hata kama hawako katika aina za paka wenye macho hayo kwa asili.

Katika nchi za joto kuna adui mwingine ambaye vitabu vya Ulaya humpitia haraka: mnyoo bapa aitwaye Platynosomum, anayeishi kwenye mirija ya nyongo. Mayai yake humezwa na konokono wa nchi kavu, kutoka hapo huingia kwa vidudu vya ardhini, vidudu vikaliwa na mjusi, na mjusi akaliwa na paka. Ameelezwa Florida, Hawaii, Puerto Rico, Brazil, Malaysia na Nigeria. Paka wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Wenye minyoo mingi hukonda, hutapika na kugeuka manjano. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile inayotumika kutibu kichocho, ila kwa kipimo kikubwa na kwa siku kadhaa mfululizo. Mwenye paka anayewinda mijusi kila jioni ukutani ana haki ya kumtajia daktari habari hiyo hata asipoulizwa.

Kisha zipo sumu zinazotoka mikononi mwetu wenyewe. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, Panadol ndiyo dawa ya kwanza kwa kila maumivu, na mtu mwenye roho nzuri anaweza kumvunjia paka wake kipande. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya ambacho viumbe wengine hukitumia kuifunga parasetamoli na kuitoa mwilini. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Huanza na damu: ufizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi huwa fupi; ini hufuatia. Dawa ya kuipinga ipo, asetilisisteini, ile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli, lakini inafanya kazi ikiwahiwa. Wala mahindi yenye ukungu hayamwachi paka salama. Sumukuvu iliyolipuka mashariki mwa Kenya mwaka 2004 iliugulisha watu 317 na kuua 125, wengi kwa ini kushindwa. Ugali uliopikwa kwa unga wa aina hiyo hauwi salama kwa sababu umechanganywa na dagaa na kuwekewa mnyama.

Magonjwa haya yote yana sura moja kwa nje, na hapo ndipo ugumu ulipo. Paka hajitangazi. Hulala zaidi, huacha kujilamba, huenda kwenye bakuli akainusa na kuondoka, hutapika mara moja moja. Manjano huonekana mapema zaidi mahali ambapo watu hawatazami: kwenye kaakaa, karibu na koo, na upande wa ndani wa sikio lisilo na manyoya mengi. Mkojo huwa mzito na wa rangi ya chai. Paka mwenye madini ya potasiamu kidogo hushindwa kuinua shingo, kidevu kikaelekea kifuani. Anayeona hilo asisubiri kesho.

Damu ikipimwa, husomwa tofauti na ya mbwa. Kimeng'enya kimoja kinachopimwa sana, fosfatasi ya alikali, hukaa kwenye damu ya mbwa kwa siku kadhaa, ilhali kwa paka nusu yake hupotea ndani ya saa sita hivi. Kwa hiyo ongezeko dogo ambalo kwa mbwa lisingemshtua daktari, kwa paka lina uzito. Kikipanda sana huku mwenzake, GGT, akiwa karibu na kawaida, daktari mzoefu huanza kuwaza ini lenye mafuta. Ultrasaundi husaidia, na sindano nyembamba ya kuchota seli chache huweza kuthibitisha. Kukata kipande cha ini ndicho kipimo kinachosema mengi zaidi, lakini mgonjwa wa ini huvuja damu kirahisi, kwani nyongo isipofika kwenye utumbo vitamini K hainyonywi. Busara katika wiki ya kwanza ni kumpa vitamini K, kumlisha, na kuacha kisu mpaka apate nguvu.

Sasa tuangalie hofu, ambayo nayo inaingia mpaka ndani ya chupa ya damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State walipima paka 30 wenye afya nyumbani na kisha hospitalini, wakatoa matokeo yao mwaka 2011. Wanyama walewale, wasio na ugonjwa, walionekana na shinikizo kubwa zaidi la damu, mapigo ya moyo ya kasi na pumzi za haraka walipofika hospitalini. Sukari ya damu nayo hupanda paka anapopambana na anayemshika, kiasi cha kumfanya mzima aonekane ana kisukari. Daktari anayepima paka aliyetoka kulia ndani ya kiroba juu ya bodaboda hapimi ugonjwa peke yake. Anapima safari pia.

Mwaka huohuo wa 2011 ulitoka uchunguzi ambao kwa suala la ini pengine ndio muhimu kuliko wote. Judi Stella, Linda Lord na Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwafuatilia paka 32 kwa wiki 77: 20 wenye ugonjwa wa kibofu unaochochewa na msongo, na 12 wazima. Ratiba ilipovurugika, mtunzaji alipobadilishwa, au jambo lisilo la kawaida lilipotokea, paka walitapika, walikataa chakula, walikojoa nje ya mahali pao. Waliofanya hivyo si wagonjwa tu. Wazima nao walifanya. Kumbe kutapika na kukataa chakula, dalili mbili ambazo kila daktari huzihesabu kuwa za tumbo au za ini, zinaweza kuletwa na mshtuko peke yake kwa mnyama asiye na kidonda popote. Ukimweka paka mwenye ini lililojaa mafuta katika hali hiyo, katika kizimba cha chuma kinachotazamana na mbwa anayebweka, si ajabu dripu ikaingia vizuri na bakuli likarudi kama lilivyokwenda.

Upande wa pili una hatari yake, na haifai kuifunika. Mwenye paka akijua kliniki inamtesa mnyama wake, huanza kuahirisha. Uchunguzi uliodhaminiwa na kampuni ya Bayer nchini Marekani mwaka 2011 ulikuta asilimia 58 ya wenye paka wakisema paka wao anachukia kwenda kwa daktari, na asilimia 38 wakisema wao wenyewe hupata msongo kwa kuiwaza tu safari hiyo. Huruma ya namna hii huua polepole. Paka ambaye hajala kabisa kwa siku mbili, au amekula kijiko kijiko kwa siku nne, aende, alie asilie. Jambo la kujadiliwa ni namna ya kwenda.

Njia rahisi ya kuikwepa hofu ingekuwa kidonge cha usingizi, na historia ya kidonge hicho ni onyo. Kwa miaka mingi diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, ilitumika kuwatuliza paka na hata kuwaamshia hamu ya kula. Mwaka 1996 Sharon Center wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walieleza habari za paka 11 waliopewa dawa hiyo kwa mdomo na ini lao likafa ghafla. Karibu wote walipoteza maisha. Haikuwa kwamba kipimo kilizidishwa. Kwa baadhi ya paka, pasipo njia ya kuwatambua mapema, dawa hiyo ikinywewa kwa siku kadhaa huangamiza seli za ini. Katika miji yetu diazepamu si vigumu kuipata kwenye duka la dawa za watu. Haipaswi kukaribia mdomo wa paka, seuze paka mwenye ini bovu.

Kilichochukua nafasi yake ni gabapentini, dawa ya watu ya kifafa na maumivu ya neva. Mwaka 2017 Karen van Haaften na wenzake wa Davis waliwajaribu paka 20, kila mmoja kwa safari mbili: moja alipewa miligramu 100 dakika 90 kabla ya kuingizwa kwenye kreti, nyingine akapewa kidonge kisicho na dawa. Safari za dawa zilikuwa tulivu zaidi, njiani na mezani kwa daktari. Kwa mgonjwa wa ini ina sifa moja ya ziada: hutoka mwilini kupitia figo, hailielemei ini. Paka mzee mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo, na aliyelegea sana asipewe, kwa hiyo daktari aulizwe kwanza, hata kwa simu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya maji ya jamii hiyohiyo, pregabalini, mwaka 2021 mahususi kwa hofu ya paka ya safari. Marekani ikafuata mwaka 2023.

Mengine hayahitaji duka la dawa. Katika chuo kikuu cha tiba ya wanyama cha Vienna, Lydia Pratsch na wenzake waligawa paka 22 mafungu mawili na kulifundisha fungu moja kwa wiki sita kuizoea kreti kwa kuwapa vitu vitamu ndani yake. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliofundishwa walisafiri kwa utulivu zaidi na uchunguzi wao ukachukua muda mfupi. Mafunzo haya ni ya paka mzima, yafanywe kabla ya shida. Tena hapa mashauri mawili mazuri hugongana: wafunzaji husema paka aje na njaa ili avutike na kitamu, na wengine hushauri asafiri tumbo tupu asije akatapika. Kwa mgonjwa wa ini yote mawili yaachwe. Huyu hanyimwi chakula kwa ajili ya safari, ila daktari akitaka tumbo tupu kwa sababu ya nusukaputi, na hata hapo kwa saa chache zinazohesabiwa.

Kreti nzuri ni ile ambayo sehemu ya juu hutolewa, paka akapimwa akiwa amekaa kwenye nusu ya chini bila kuvutwa nje. Pasipo kreti, kapu la ukili lenye kifuniko na kanga iliyolaliwa na paka mwenyewe ni bora mara nyingi kuliko kiroba au gunia, ambamo hewa ni kidogo na kila mtikisiko unamgonga. Kanga nyingine ifunike juu, kwa sababu paka asiyeona hupungukiwa na hofu. Bajaji hutetema, kwa hiyo kapu lisiwekwe sakafuni, likae mapajani. Simu ipigwe kliniki mapema kuuliza saa ambayo mbwa ni wachache, na akifika, paka asubiri nje chini ya mti au ndani ya gari mpaka zamu yake.

Daktari naye ana wajibu wake. Kumkamata paka kwa ngozi ya shingo na kumlaza kwa nguvu kulifundishwa kwa vizazi kama ndiyo njia. Mwongozo wa pamoja wa madaktari wa paka wa Marekani na wa jumuiya ya kimataifa ya tiba ya paka, uliotolewa mwaka 2022, unaikataa njia hiyo: mnyama hatulii, ameganda kwa woga, na safari ijayo atapigana zaidi. Mahali pake unapendekeza taulo, mikono michache, chumba kimya, na ruhusa ya kusimamisha uchunguzi pale paka anapofika ukomo. Akilazwa, boksi la kujifichia ndani ya kizimba si pambo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walionyesha mwaka 2014, katika kituo cha kuhifadhi paka nchini Uholanzi, kwamba waliopewa boksi walitulia mapema kuliko wenzao. Boksi la karatasi la dukani halina gharama.

Afrika Mashariki ina jambo moja ambalo nchi tajiri zinalitamani. Madaktari wa wanyama wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro au Kabete kule Nairobi hufunzwa katika nchi ambamo mgonjwa wa kawaida ni ng'ombe, na ng'ombe haletwi kliniki. Daktari ndiye anayekwenda bomani. Desturi hiyo ya kumfuata mgonjwa alipo, iliyozaliwa kwa sababu ya mifugo, inamfaa paka wa ghorofani Kariakoo au wa uani Lamu kuliko chumba chochote cha kusubiria. Daktari akija nyumbani anaweza kuchukua damu, kutia maji chini ya ngozi, kupima uzito, kuona chakula anachopewa na mijusi anaowinda. Ultrasaundi na nusukaputi vitabaki vya kliniki, lakini ziara za kufuatilia zinaweza kufanyika sebuleni. Ni huduma inayostahili kuombwa waziwazi na kulipiwa haki yake.

Yote hayo yanaelekea kwenye jambo moja: chakula kiingie. Na hapa ndipo wenye paka wengi hurudi nyuma, kwa sababu tiba yenyewe ni mrija. Mwanzoni huwa mwembamba, hupitishwa puani bila kisu. Madini na damu vikishakaa sawa, mnene zaidi huwekwa kwenye shingo kwa nusukaputi fupi, ukaingia kwenye koo la chakula na kufungwa bendeji laini. Kwa macho ni ukatili. Lakini ilinganishwe na njia mbadala: kumshika paka mara tano kwa siku, kumfungua mdomo na kumsukumia chakula kwa bomba la sindano. Paka mwenye kichefuchefu akilazimishwa hivyo huunganisha chakula na mateso, akawa anatoa udenda kwa kukiona tu, na chuki hiyo hubaki hata ini likipona. Tena mtu aliyekuwa kimbilio lake anageuka kuwa wa kukimbiwa. Kwa mrija, paka hulishwa akiwa amejilaza mapajani, dawa zote hupita humo, na hakuna mdomo unaofunguliwa kwa nguvu. Mrija ndio njia ya upole zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Paka wa kilo 4 akiwa ametulia huhitaji kama kilokalori 200 kwa siku. Siku ya kwanza apewe robo tu ya hizo, kisha iongezwe kidogo kidogo kwa siku tatu, nne au zaidi. Haraka huua: mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla huzivuta fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu kuziingiza kwenye seli, chembe nyekundu zikapasuka, misuli ikalegea. Ni hatari ileile wanayoichunga wauguzi katika wodi za watoto wenye utapiamlo. Ndiyo maana siku za mwanzo damu hupimwa mara kwa mara, na hapo kliniki haikwepeki. Baadaye ni milo midogo minne hadi sita ya vuguvugu, maji kidogo yakipitishwa baada ya kila mlo ili mrija usizibe. Chakula maalumu cha makopo kikikosekana, daktari atasaidia kupanga cha nyumbani chenye nyama iliyosagwa laini sana. Kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo havikosekani kwenye mchuzi wetu, visiingie kabisa. Huvunja chembe nyekundu za damu ya paka.

Dawa za kuamsha hamu zipo. Mirtazapini ya kupaka sikioni iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na inafaa kuijua kwa sababu haihitaji kumfungua paka mdomo. Ini bovu huitoa polepole, kwa hiyo huachiwa nafasi ndefu kati ya dozi na dozi. Haijazi pengo la mrija pale paka alipokwisha kuacha kula kabisa.

Kabla ya kulisha kwa mrija kuwa jambo la kawaida, wengi wa wagonjwa hawa walikufa. Leo, wanaolishwa mapema na kwa ukamilifu hupona zaidi ya nusu, na ripoti nyingine zinafika karibu wanane kati ya kumi. Dalili njema hutokea mapema: rangi ya manjano ya damu, yaani bilirubini, ikishuka kwa nusu katika siku 7 hadi 10, matumaini ni makubwa. Isiposhuka, kuna ugonjwa mwingine nyuma ya mafuta ambao bado haujakamatwa. Kama ni saratani iliyoenea, au amonia isiyodhibitika, swali la kumwacha apumzike kwa sindano ya daktari linakuwa swali la haki, na mtu anayeliuliza hajamtupa paka wake.

Kwa wanaopona, wiki nne hadi saba za mrija ni kawaida. Bakuli la chakula chenye harufu liwekwe karibu kila siku bila kushurutishwa, na mrija utolewe pale tu paka atakapokuwa amekula mwenyewe vya kutosha kwa wiki moja au mbili bila kupungua uzito. Ugonjwa wenyewe hurudi mara chache. Unene ndio unaobaki, nao upunguzwe taratibu: kwa paka wa kilo 6, gramu 30 hadi 120 kwa wiki, kwa chakula chenye protini nyingi kilichopimwa, akipandishwa kwenye mizani ya jikoni ileile, nyumbani, kila Jumapili, na akiruka mlo hata siku moja, mpango wa kupunguza unasimamishwa mpaka arudi kula.